Nimemuuzia mjane nyimbo za marehemu mumewe. Pesa ile ni yangu kweli?

Kanda za Baba ameuliza:

Asalaam alaykum jamaa. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnirukie.

Nina kibanda Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Nauza chaja, kava za simu, vioo vya kubandika, lakini kinachonilisha hasa ni nyimbo. Mtu aja na flashi yake au memori kadi, asema ataka taarabu za zamani, namwingizia. Memori kadi mia mbili, flashi ya GB 8 mia tano, na ukitaka nikupe na flashi yenyewe ni elfu moja. Wateja wangu ni madereva wa Mtwapa na Kilifi, kina mama wa Kisauni, na wale watu wetu wa ng'ambo wakija likizo Agosti. Hao wa ng'ambo hulia hapo hapo kibandani, wallahi.

Nyimbo zenyewe sikuzitoa mtandaoni. Ni za babangu. Baba alikuwa na chumba cha kurekodi kanda Majengo. Deki nne zimeunganishwa kwa waya, moja yacheza, tatu zarekodi, na yeye katikati na sigara yake. Kanda ya kwanza akiita "mama", nakala akiita "watoto", na mama haikutoka nje ya chumba hata uje na nani. Chache kati ya hizo mama zilirekodiwa kwa utaratibu, kundi limekuja, limekaa, limelipwa. Nyingi ni za harusini. Kundi likianza kupiga, baba aweka radio yake chini ya spika, pembeni ya radio nyingine tano au sita za watu wenye mawazo kama yake. Bi harusi hajatolewa, kanda imeshavuka feri iko Likoni.

Baba alifariki 2011 akatuachia makatoni. Chumvi ya bahari na panya walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Nilinunua deki ya mtumba, nikanunua waya wa kuingiza kwenye kompyuta, nikaanza. Asiyewahi kufanya kazi hii hajui: kanda ya dakika sitini hula dakika sitini, haikimbizwi. Nyingine kile kisponji kinachoisukuma kanda kwenye kichwa kimebanduka, wafungua kwa bisibisi ya saa, wagundisha kingine. Nyingine ina ukungu mweupe, waisafisha kwa spiriti na pamba mpaka mkono wafa ganzi. Masika mawili yalipita nikiwa kwenye kazi hiyo. Nimeokoa kanda mia tatu na kitu. Kama arubaini nimezitupa, zilikuwa zimeliwa.

Sasa kisa chenyewe. Alhamisi moja baada ya alasiri alikuja mama mtu mzima, buibui lake, simu ya vibonyezo. Akaniambia, "Mwanangu, nimeelekezwa kwako, wasema una nyimbo za kundi fulani." Akanitajia wimbo, na akanitajia ubeti wa pili, si wa kwanza kama wafanyavyo watu wengine. Nikautafuta. Uko kwenye kanda ambayo baba ameiandika kwa mkono wake, 1979. Nikauweka kwenye spika ndogo ya kaunta.

Mama yule hakutingisha kichwa wala hakuimba. Alishika ukingo wa kaunta akasikiza mpaka mwisho. Nikamwambia kwa kumchangamsha, "Fidla ya hapo nzuri, mama." Akasema, "Ya mume wangu." Halafu akasema nyumbani hana hata mmoja, kanda zote ziliazimwa zamani na walioazima wengine wameshazikwa.

Nikamwingizia nyimbo tisini. Akafungua fundo la leso akanihesabia mia mbili, nyingine za sarafu. Na mimi nikapokea. Ndiyo, nilipokea. Mkono umezoea, ulitoka kabla ya akili. Nilipozinduka alikuwa ameshavuka barabara yuko kwenye tuktuk.

Usiku sikulala, nikawa napiga hesabu. Nyimbo tisini kwa mia mbili ni kama shilingi mbili na senti ishirini kila mmoja. Nikazipitia zote tisini nikiisikiza fidla ile, maana baada ya kuambiwa masikio yangu yameijua, ina namna ya kuchelewa kidogo kisha ikakamata. Imo kwenye nyimbo ishirini na tatu. Hizo zimefanya shilingi hamsini na moja. Kundi lilikuwa la watu saba. Gawa. Fungu la mumewe ni shilingi saba na senti kidogo. Andazi moja Mwembe Tayari ni kumi.

Kwa hivyo nikajiambia, ah, shilingi saba, kuna nini hapo? Asubuhi yake akaja mteja wa kwanza, nikamwingizia nyimbo zile zile, nikapokea mia mbili, nikakumbuka kwamba hii kazi naifanya mara kumi kwa siku na baba aliifanya miaka ishirini na mitano.

Sitaki kuambiwa habari ya kukamatwa. Nauliza hivi: katika mia mbili ile, yangu ni ipi? Kazi nimefanya, hilo silikubali mtu aniondolee. Bila ya baba na mimi, fidla ile leo haipo duniani. Lakini kuiokoa ni jambo moja na kuiuza ni jambo jingine, na mimi nimeyachanganya yote mawili kwenye bei moja. Na msiniambie nikamrudishie tu, simjui akaako.

---

Dereva wa Mtwapa:

Bwana mkubwa, wewe waanza kuwaza dini wakati flashi yangu imekufa na nilikuwa nakuja kwako Jumatatu? Wazia baada ya Jumatatu.

Lakini bila utani. Gari langu lina stika ya leseni ya muziki kioo cha mbele, tunalipia. Mimi nahesabu nimeshawalipa wasanii wote kuanzia babu mpaka mjukuu. Na jambo la pili, nionyeshe duka moja Mombasa hii ninunue nyimbo hizo kihalali. Moja tu. Nitanunua. Hakuna. Sasa mtu akikataza nisinunue kwako na hana pa kunielekeza, ataka abiria wangu wasikize honi?

---

Sinema ya Jioni:

Mbona mwakaza mishipa ya shingo? Hizo taarabu zenyewe nusu yake mahadhi yametoka Bombay. Sisi wa rika langu tulikuwa tukitoka sinema, Naaz au Regal, Jumapili, mwezi haujaisha wimbo wa ile sinema twausikia harusini kwa Kiswahili. Hata Juma Bhalo, Mungu amrehemu, na hakuna nimpendaye kama yeye, aliimba kwa mahadhi ya Kihindi na kila mtu alijua. Nani alituma hundi Bombay? Mwiba uliingia kwa njia hiyo, basi na utoke kwa njia hiyo hiyo.

---

Mpiga Taishokoto:

Kijana wa kanda, mimi ni mtu wa Likoni, nimepiga taishokoto, kile kinanda cha nyuzi na vibonyezo, na makundi matatu, na sasa vidole havikunjiki. Nakujibu kwa sababu chumba cha babako nakijua. Chai ya pale ilikuwa nzuri.

Nikueleze tulivyokuwa tukilipwa, maana watu wapiga mbio kwenye haki bila kujua hesabu ya meza. Harusini kulikuwa na bei ya usiku, iliyopatanwa na mwenye shughuli. Juu yake kulikuwa na tuzo, zile noti anazopewa mwimbaji akiwa jukwaani. Bei ya usiku yagawanywa, tuzo yategemea roho ya mwimbaji. Kurekodi studio kulikuwa na mkupuo mmoja. Wapewa, mwagawana mlangoni, kwaheri. Baada ya hapo kanda ikiuzwa mia au ikiuzwa laki, wewe wa fidla na mimi wa taishokoto hatuna habari. Hakuna aliyetuandikia karatasi. Na sisi hatukuuliza, kwa sababu twalikuwa vijana na mkupuo ule ulitosha suruali na viatu.

Sasa kuhusu radio za chini ya spika. Nitasema kweli ingawa yaniuma: kanda zile ndizo zilizotutembeza. Tulikuwa tukiitwa Lamu, twaitwa Malindi, twaitwa mpaka Tanga na watu ambao hawakupata kutuona, wametusikia kwenye kanda ya nakala ya nakala, inayovuma kama nyuki. Watu wa Tanga walijua wimbo wetu kabla sisi hatujajua njia ya Tanga. Kwa hiyo babako alipotuibia (ndiyo, nitatumia neno hilo, yeye mwenyewe tukimwambia alikuwa akicheka) alikuwa pia anatutangaza, na harusi ya pili ilikuwa inatulipa.

Lakini wewe usijifiche nyuma ya hilo. Babako alimtangaza mtu mzima wa viungo aliyengoja kualikwa. Wewe wamtangaza nani? Maiti haalikwi harusini. Tangazo lilikwisha siku fidla ilipotundikwa ukutani, lililobaki ni biashara.

Na huyu wa sinema namjibu pia. Ni kweli mahadhi tuliyachukua. Lakini hatukuchukua kanda ya Bombay tukaiuza Majengo. Tulikaa usiku kucha na mtu wa shairi, tukapima mizani, tukavunja pale pasipokaa, tukatia fidla mahali pa ala zao. Nilipopiga nilipiga kwa vidole vyangu hivi. Ni deni bado? Huenda. Lakini kunakili kwa jasho si kama kunakili kwa kubonyeza, na kijana hapa angalau ametoa jasho la pamba na spiriti.

Jina la mpiga fidla wako nadhani nalijua. Sitaliandika hapa hadharani. Niandikie faraghani.

---

Kanda za Baba:

Ami yangu, nimekuandikia. Na Mungu akusamehe kwa hilo la "babako alipotuibia", lakini umenifanya nicheke, kwa sababu mama (mamangu mzazi, siyo kanda) alikuwa akimwambia maneno hayo hayo kila akirudi alfajiri na radio kwapani.

---

Mhifadhi wa Sauti:

Nimefanya kazi kwenye maktaba ya muziki ya radio, kwa hiyo niwaondolee ukungu kidogo. Si fatwa.

Dereva, stika yako ni ya kupiga muziki mbele ya watu. Haimpi aliyekuingizia flashi ruhusa ya kutoa nakala na kuziuza. Hizo ni haki mbili mbali, hata kama hela zatoka mfuko mmoja.

Kanda za Baba, katika wimbo mmoja uliomuuzia yule mama kuna watu wa aina tatu. Kuna mwenye shairi na mahadhi. Kuna waliopiga na kuimba. Na kuna aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001 iliyoanza kutumika 2003, utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kanda yako ya 1979, kwa hesabu hiyo, rekodi yake yafika mwisho wa 2029. Lakini mtunzi wake akiwa alifariki, tuseme, 2014, basi shairi na mahadhi yatalindwa mpaka mwisho wa 2064. Usingoje.

Hapo kuna kichekesho. Zile chache ambazo kundi lilikuja chumbani kwa babako likalipwa, huenda babako ndiye mwenye haki ya rekodi, nawe ni mrithi wake. Hizo una fungu lako halali kabisa, ingawa bado wahitaji ruhusa ya mwenye shairi. Za chini ya spika ni habari nyingine. Hapo alikuwa mmoja wa watu saba wenye radio.

Kuna vyama vilivyoundwa kukusanya mirabaha: MCSK, kilichoanza 1983, ni cha watunzi, KAMP ni cha watayarishaji wa rekodi, PRISK ni cha waimbaji na wapigaji. Mpiga fidla ni mtu wa PRISK. Tatizo ni kwamba hawezi kulipwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na kwenye kanda za taarabu kilichoandikwa ni jina la mwimbaji na la kundi. Huyo wa fidla hayumo kwenye ganda. Kwa hiyo hata ungeamka kesho uwe malaika, ungepeleka pesa wapi?

Mfano wa kuonyesha kwamba fungu laweza kuandikwa likajulikana: miito ya simu, nyimbo anazosikia anayekupigia, kama zile za Skiza ya Safaricom. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalitaja wazi kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato yake. Uyapende usiyapende, ukiuliza "yangu ni ipi" kuna tarakimu. Kwenye kibanda chako hakuna tarakimu. Ndiyo maana hulali.

---

Bi Mkubwa Kibokoni:

Wanaume mmesema pesa, pesa, pesa. Mimi nauliza jingine.

Mwanangu wa kanda, hizo za harusini, je, kuna za upande wa wanawake? Kwa sababu kulikuwa na watoto wa kiume wadogo wakitumwa kuingiza radio ndani, wala usinikatalie, nilikuwako. Kule ndani tulikuwa bila buibui, na nyimbo zile zilikuwa na wenyewe. Mwimbaji anafumba, na aliyefumbwa amekaa mstari wa tatu na dada zake. Yasikika mpaka vigelegele vya nani vimekatika ghafla. Mwaka wa harusi ya dadangu mkubwa ilitoka kanda kama hiyo, ikapigwa kwenye mabasi mpaka Malindi, na kuna nyumba mbili mtaani kwetu hazikusemezana mpaka mmoja akafa.

Yule mwimbaji alilipwa, tena alituzwa vizuri. Kundi lililipwa. Mwenye shughuli alilipa. Kwa hesabu zenu hakuna aliyedaiwa. Na bado kanda ile haikuwa ya kutoka.

Kwa hiyo kabla ya kugawa shilingi saba, kaa uzisikize zote, ujue ipi si yako kuuza hata kwa milioni. Na ukiikuta ya harusi ya Kibokoni ambayo katikati ya wimbo kuna sahani zinavunjika, niambie. Hiyo sitaki uifute. Naitaka mimi.

---

Sinema ya Jioni:

Bi Mkubwa, sahani zilivunjwa na nani?

---

Bi Mkubwa Kibokoni:

Haikuhusu.

---

Kanda za Baba:

Shukrani nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu mengi yametokea.

Ami wa taishokoto alinipa jina na mtaa, nikaenda. Nimefika na kadi mpya, nyimbo zote ishirini na tatu peke yake, na ile mia mbili kwenye bahasha. Yule mama alipoiona bahasha alikasirika. Akaniambia, "Mimi nilikuja dukani nikanunua. Wanirudishia, wanifanya ombaomba?" Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikairudisha mfukoni, nikakaa kama mtoto aliyekemewa, nikaletewa kahawa.

Ndipo nikamwuliza kama atakubali kunisaidia kazi. Nimebeba kompyuta, tunasikiza pamoja, yeye anataja nani apiga nini, mimi naandika kwenye daftari. Kwa kila kanda nitamlipa kama ningemlipa fundi yeyote. Hilo alilikubali, na akapandisha bei. Tumepatana.

Tumemaliza kanda kumi na moja. Kwenye ganda la baba kuna jina moja la mwimbaji. Kwenye daftari sasa kuna ya watu saba, wengine wana watoto hapa hapa mjini. Mmoja mwanawe ana duka la vitambaa Barabara ya Biashara, nimenunua kwake mara chungu nzima.

Kibandani nimeacha kuuza za chini ya spika mpaka daftari liende mbele. Za chumbani kwa baba nauza bado, na kuna kopo la maziwa ya unga nimeliweka chini ya kaunta, natia nusu ya kila mauzo. Kwa nini nusu? Sijui, imekuwa nusu. Dereva, flashi yako njoo uchukue, lakini itakuwa na nyimbo chache kuliko ulizozoea, na usinipigie kelele.

Bi Mkubwa, za upande wa wanawake zipo nne. Nilisikiza dakika mbili za ya kwanza nikaizima. Nimezifunga kwenye mfuko, mke wangu ndiye atakayezisikiza kutafuta sahani. Zikipatikana atakuletea mwenyewe, kanda na nakala yake, hapatabaki kitu kwangu.

Sasa naomba msaada. Kanda ya 1979, upande wa pili, mpiga ngoma ya dumbaki si yule wa kawaida wa kundi. Yule mama mjane amkumbuka kwa jina la utani tu, wakimwita Mkono wa Chuma, na kwamba alikuwa akifanya kazi bandarini, kisha akahamia Tanga au Pemba. Ami wa Likoni hamjui. Kama kuna yeyote hapa aliyemjua mtu huyo au watu wake, aniandikie.